Njoo Ijumaa

Kila mwaka ninapofundisha Katekisimo Ndogo chuoni, darasa huchangamka tunapofika ombi la nne la Sala ya Bwana, lile la riziki ya leo. Wengi wetu tulikariri maelezo yake tukiwa watoto wa kipaimara, tukiiogopa fimbo ya mwinjilisti, wala hatukupata nafasi ya kuyatafakari. Luther alipoandika kitabu kile mwaka 1529 hakuiacha riziki iwe chakula peke yake. Aliingiza humo mavazi na nyumba, shamba na mifugo, mwenzi mwema, watumishi waaminifu, serikali nzuri, hali nzuri ya hewa, marafiki wa kweli na majirani wema. Mimi huongeza kimoja ambacho hakimo, na wanafunzi hucheka: mhasibu anayelipa siku aliyoahidi.

Wanadhani natania. Lakini kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, kabla sijaenda kusomea uchungaji, nilikula kwa kalamu. Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea jijini Dar es Salaam, jina zuri kwa mtu anayemtegemea kila aliye karibu naye. Sikuwa na mwajiri, meza wala kitambulisho cha ofisi. Nilikuwa na chumba kimoja Manzese, madaftari ya shule niliyoyanunua kwa dazeni, na miguu yenye afya. Niliandika makala kwa mkono usiku, asubuhi nikaenda kuzichapa kwenye intaneti kafe nikilipia kwa nusu saa, macho yakiwa kwenye saa kuliko kwenye maneno. Kisha nikazitawanya kwa wahariri kama mkulima anayepanda mahindi kabla ya kuona wingu.

Furaha ilikuwepo, na ilikuwa kubwa. Makala yangu ya kwanza ilihusu akina mama wanaokaanga mihogo alfajiri kituo cha daladala. Siku ilipotoka nilisimama kwenye meza ya magazeti kati ya wale wanaosoma vichwa vya habari bila kununua, nikasubiri mmoja wao afike ukurasa wangu. Hakuna aliyefika, kwa kuwa mwenye magazeti haruhusu mtu kufunua ndani. Nilinunua nakala mbili kwa fedha iliyokuwa ya chakula cha mchana. Moja nilimpelekea mama Upare kwa mkono wa kondakta wa basi. Nilipokwenda nyumbani Krismasi nikakuta ameifungia kitabu chake cha nyimbo, kile cha Mwimbieni Bwana, na jina langu amelielekeza nje, juu kabisa. Kila Jumapili usharika mzima ulilisoma jina lile alipokuwa akiimba. Hakuna tuzo nitakayopewa itakayoizidi hiyo.

Sasa malipo. Siku zile fedha hazikutumwa kwa simu. Huduma ya M-Pesa ilifika nchini mwaka 2008. Ilikuwa lazima uende mwenyewe dirishani. Mwisho wa mwezi nilikata makala zangu kwa mkasi kutoka gazetini, nikazibandika kwenye karatasi nyeupe, nikaandika tarehe na ukurasa wa kila moja, nikajumlisha chini na kupeleka. Dada wa dirishani alikuwa mpole, wala sina neno baya juu yake. Fedha hazikuwa zake. Alizipokea karatasi zangu na kuniambia, "Njoo Ijumaa." Ijumaa nilikwenda. "Bosi hajasaini, kaka. Njoo Ijumaa." Nauli ya kwenda na kurudi ilinila kidogo kidogo, mpaka kuna mwezi makala saba zilitoka, nikalipwa tatu, na nilipotoa nauli za kufuatilia nikabaki na fedha ya makala moja na nusu.

Aliyenilisha miezi hiyo ni Mangi. Wasomaji wa Dar es Salaam wanajua kwamba kila mwenye duka la mtaani huitwa Mangi, hata asipotoka Kilimanjaro. Wetu alikuwa na daftari la madeni lenye jalada jekundu, na penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye nondo ya dirisha. Nilisali ombi la nne nikiwa nimelala chali juu ya godoro, na jibu likaja kama mchele nusu kilo na sukari robo iliyofungwa kwenye gazeti. (Niliikagua kwanza ile karatasi, isije ikawa makala yangu.) Mangi hakuwa Mkristo wala hakupenda mazungumzo ya dini. Aliniuliza swali moja tu kila nilipokopa: "Umeandika leo?" Nikisema ndiyo, aliandika na yeye.

Kuna jambo la bahasha ambalo lazima nilieleze, maana ndilo lililonifundisha zaidi. Kila aliyefanya kazi hii anaijua. Unaalikwa kwenye shughuli, na wakati wa kuondoka unapewa bahasha, eti ya nauli. Ndani kuna fedha inayozidi malipo ya makala mbili. Mara nyingi hakuna anayesema neno, hakuna haja. Gazeti lisipomlipa mwandishi, yupo mwingine ambaye atamlipa, naye anajua anachonunua. Siku moja mfanyabiashara fulani alinipa bahasha nene na akasema wazi anachotaka: nisiandike kwamba vibarua wake walikuwa wanamdai ujira wa miezi miwili. Nilimrudishia. Nikatembea kwa miguu mpaka Manzese.

Naomba msinisifu. Asubuhi ile Mangi alikuwa amenikopesha unga na dagaa, nami nilijua kwamba jioni nitakula. Kama angekuwa amelifunga daftari lake juma lile, sijui mkono wangu ungefanya nini. Mahubiri yetu kuhusu uaminifu husahau jambo hili. Tunamsifu aliyekataa hongo, lakini hatuulizi ni nani aliyemlisha usiku ule. Uaminifu wangu ulikuwa na mdhamini, na jina lake halikutoka gazetini.

Wakati huo nilikuwa sijasoma habari za Katharina von Bora. Nilipozisoma, miaka ya baadaye, nilicheka peke yangu maktaba. Sisi Waluteri tunajivunia kwamba Martin Luther hakuwadai wachapaji malipo kwa vitabu vyake, na ni kweli. Agano Jipya lake la Kijerumani lilitoka Wittenberg Septemba 1522, likauzika haraka hata wakachapa tena Desemba ya mwaka uleule. Wachapaji wa miji mingine walinakili kazi zake bila kumwuliza. Wengine walitajirika. Yeye aliandika bure na kuona fahari kuandika bure.

Ila nyumba ile haikula fahari. Alipomwoa Katharina mwaka 1525 wakakaa katika jengo lililokuwa la watawa, na mama huyu, aliyekuwa mtawa mwenyewe, akalifanya kuwa mahali pa riziki. Alipangisha vyumba kwa wanafunzi, akalima bustani, akafuga ng'ombe na nguruwe, akatunza bwawa la samaki, akatengeneza pombe. (Ndiyo, pombe, historia ndivyo ilivyo.) Ukinunua kitabu cha Luther kilichoandikwa bure, kumbuka kuna mtu aliyekilipia kwa kuamka alfajiri. Hata wetu hapa, Shaaban Robert, aliandika vitabu vyake vingi akiwa karani wa serikali ya kikoloni. Kalamu karibu kila mara inalishwa na kitu kingine: mshahara wa mchana, mke, mume, mama, Mangi.

Pigo kubwa kuliko njaa lilikuwa lingine. Mwaka 2005 nilikaa majuma matatu na akina mama wanaoponda kokoto Kunduchi. Wanakaa juani na nyundo, watoto wamejikinga chini ya vipande vya turubai, na ndoo ikijaa wanasubiri lori. Mmoja wao, mama mtu mzima ambaye vidole vyake viwili vilikuwa vimepondeka, alinisimulia maisha yake yote kwa siku mbili. Alisema hajawahi kuulizwa. Akanipa sharti: ikitoka, nije nimsomee, kwa kuwa hajui kusoma.

Ilitoka nusu. Mhariri aliondoa aya zote walizosema wale mama, akaacha takwimu za afisa na maelezo yangu ya mandhari. Kichwa cha habari kilikuwa kingine. Nafasi ilikuwa ndogo, akaniambia, tangazo limeingia jioni. Nafahamu shida za wahariri, kurasa hazivutiki kama mpira. Lakini nilikuwa na ahadi Kunduchi. Nikaenda. Nikakaa kwenye rundo la kokoto, nikaliweka gazeti chini, nikamsomea kutoka daftarini kwangu, yote, tangu alivyoolewa mpaka alivyovunjika vidole. Wenzake waliacha nyundo. Nilipomaliza akauliza kama hayo ndiyo yaliyomo gazetini. Nikamwambia hapana, mengi yamekatwa. Akanyoosha mkono akaligusa daftari na kusema, "Basi hili ndilo langu. Litunze." Ninalo mpaka leo.

Usiku ule nilifungua Yeremia 36, sura ambayo sijui kama nimewahi kuisikia ikihubiriwa Jumapili, nayo ni sura ya mwandishi. Yeremia anasema, na Baruku mwana wa Neria anaandika kwa wino katika gombo. Kazi ndefu. Siku ya mfungo Baruku analisoma gombo hekaluni mbele ya watu wote. Wakuu wanasikia, wanashtuka, wanamwambia aende akajifiche yeye na nabii. Kisha gombo linafika kwa mfalme Yehoyakimu, naye ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake. Kila zinaposomwa kurasa tatu au nne, mfalme anakata kwa kijembe cha mwandishi na kutupa motoni, hadi gombo lote linateketea. Kijembe kilekile kilichochonga kalamu ndicho kilichoharibu kazi ya kalamu. Mwandishi wa Biblia hakulazimika kututajia ni kijembe cha nani. Alitaja kwa sababu alijua inauma wapi.

Na Mungu anafanya nini? Hamshushii mfalme moto siku hiyo. Anamwambia Yeremia achukue gombo jingine na kuandika upya. Baruku anakaa chini tena, anaanza neno la kwanza. Sura inamalizika kwa kusema kwamba maneno mengi ya namna ileile yaliongezwa. Nilikipenda kipande hicho kuliko mahubiri yote niliyoyasikia mwaka ule. Asubuhi nilianza kuandika habari za Kunduchi upya, ndefu zaidi, na miezi mitano baadaye jarida moja dogo lilizichapa zote. Hawakunilipa chochote, lakini walizichapa zote, na vidole vya yule mama vilikuwemo.

Niliacha kazi ile mwaka 2006 nilipopata nafasi chuoni. Watu hupenda kusikia kwamba Mungu aliniita "kutoka" uandishi "kwenda" uchungaji, kama Petro alivyoacha nyavu. Sipendi kuisimulia hivyo. Tulifundishwa na Matengenezo kwamba wito haukai kwenye kanzu peke yake. Fundi viatu anao, mama anayembadilisha mtoto nepi anao. Basi na aliyekaa kwenye intaneti kafe akipigana na nusu saa yake alikuwa nao. Nilihama kutoka wito mmoja kwenda mwingine, na huu wa pili una mshahara unaojulikana tarehe yake, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo kila mwisho wa mwezi kwa sala fupi na ya dhati.

Hayo yote yalinirudia hivi karibuni katika usharika ninaosaidia kuhudumu mwishoni mwa juma. Tulikuwa tunajiandaa kwa jubilei. Kamati ikamwomba binti mmoja wa usharika, mwandishi wa kujitegemea kama nilivyokuwa mimi, aandike historia ya usharika wetu. Huyu wa leo hachapi kwa nusu saa. Anaandika kwa kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka, anatafsiri, anaandikia mashirika ripoti zao, anapewa kazi na watu asiowahi kuwaona uso. Wengine humlipa kwa simu ndani ya saa moja. Wengine humwambia malipo yake ni jina lake kujulikana. Kwa historia yetu alizunguka miezi mitatu akiwahoji wazee, wawili kati yao wamekwisha kulala katika Bwana, na tungewazika na habari zao zote kama asingekwenda.

Lilipokuja suala la malipo, kamati ilisema Mungu atamlipa.

Bajeti ilikuwa mbele yangu. Mwenye mahema alilipwa yote kabla hajachimba shimo la nguzo ya kwanza. Mwenye vyombo vya muziki alilipwa nusu. Wapishi walilipwa. Nikasema katika baraza la wazee kwamba kama mtume Paulo angekuwa mkandarasi wetu, tungemlipa mahema na kumnyima senti kwa barua kwa Warumi. Walicheka, lakini mzee mmoja hakucheka. Alisema amekuwa mtunza hazina miaka kumi na sita bila kulipwa, wanakwaya wanaimba bila kulipwa, na tukianza kulipana, kanisa litageuka soko.

Hoja yake ilikuwa nzito, nami sikuwa na jibu la haraka. Mzee huyu ana ng'ombe saba na pensheni. Hilo halipunguzi sadaka yake hata chembe, lakini lilinipeleka kwenye 1 Wakorintho 9. Paulo anakaa aya nyingi akitetea haki ya mtenda kazi kula kwa kazi yake: askari, mpanda mizabibu, mchungaji wa kundi, hata ng'ombe apurapo nafaka. Ndipo anaposema kwamba yeye hakuitumia haki hiyo. Aliitaja kwanza, akaithibitisha, kisha akaiachia kwa mkono wake mwenyewe. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati 24, inataka ujira wa maskini utolewe kabla jua halijachwa, kwa sababu ameuwekea moyo wake. Sijaona mahali inaposema isipokuwa mwajiri akiwa kanisa.

Tukamwita binti mwenyewe. Aliingia, akasalimia, "Shikamooni wazee," akaketi ukingoni mwa benchi. Mwenyekiti akamwuliza kwa upole kama hawezi kuitoa kazi hii kuwa sadaka yake. Akajibu kwamba angependa sana kutoa. "Ila naomba nilipwe kwanza, baba, halafu kutoa nitatoa mwenyewe." Yule mtunza hazina alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akamwuliza ni kiasi gani. Tulikubaliana, tukaandika, tukasaini. Nusu tulimpa juma lile. Nusu ya pili ilichelewa majuma tisa kwa sababu za mavuno hafifu, na ndiyo, kuna mtu kati yetu aliyemwambia aje Ijumaa.

Tangu hapo hupita ofisini kwangu mara kwa mara. Ananiuliza mambo ya kazi, nami namwambia ninayoyajua: apate TIN, asianze kazi bila makubaliano ya maandishi, aombe sehemu ya fedha mapema. Nimemwonyesha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, kwamba alichokiandika ni chake katika maisha yake yote na ni cha warithi wake miaka 50 baada ya yeye kufariki, isipokuwa awe ameuza haki yake. Alifurahi kuliko nilivyotarajia, mtu ambaye siku ile hakuwa na nauli. Nimemwambia pia amtafute Mangi wake na amheshimu.

Mwezi uliopita alikuja bila swali la fedha. Kazi yake ya miezi miwili kuhusu wafugaji ilikuwa imerudishwa ikiwa imefyekwa, na sauti za wafugaji ndizo zilizofyekwa. Alikuwa na uso niliokuwa nao mimi siku ya Kunduchi. Sikumpa maneno yangu. Nilimfungulia Yeremia 45, sura fupi kuliko zote katika kitabu kile, aya tano tu, na yote ameandikiwa Baruku. Inaturudisha wakati uleule alipokuwa akiandika lile gombo la kwanza. Amechoka, anaugua, hapati raha, huzuni imeongezwa juu ya maumivu. Mungu anamwuliza kama anajitafutia mambo makuu, anamkataza, wala hamwahidi kwamba gombo litadumu. Anamwahidi uhai wake tu, popote atakapokwenda.

Alisoma akiwa amesimama mlangoni, begi begani. Alipofika mwisho aligeuza ukurasa, akarudi nyuma, akatazama tena.

"Mchungaji, imeishia hapa? Baruku alijibu nini?"

"Biblia haisemi."

Akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili, akatazama saa. Kuna mtu alikuwa anasubiri tafsiri yake kabla ya saa kumi na mbili jioni.